Mtu Anayengojewa

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 alipoeleza maana ya ujamaa, na wengi wetu tumeizoea kama kemeo kwa mgeni anayejisahau. Katika wilaya ya Isingiro nchini Uganda, kusini mwa Mbarara, methali hiyo iligeuzwa kuwa sera. Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958, na ya Oruchinga yakafuata muda si mrefu, Wanyarwanda walipokuwa wakikimbia machafuko ya kwao. Mgeni alipimiwa kipande cha ardhi, akajenga, akalima. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 zikamthibitishia haki ya kufanya kazi na ya kutembea, jambo ambalo wakimbizi wa nchi nyingi wanalisikia tu kwenye redio.

Lakini methali ile ilitungwa na watu wenye shamba. Inachukulia kwamba ardhi ipo, kwamba mgeni amewahi kulima, na kwamba ipo siku atarudi kwao. Leo Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, na vipande vya ardhi vimepungua hadi vingine havitoshi zaidi ya nyumba na bustani ya mboga. Baadhi ya wanaopimiwa vipande hivyo ni watu wa mjini: muuguzi wa Bukavu, mwenye duka wa Mogadishu, mwalimu wa sekondari wa Uvira. Ndiyo maana jembe limebadilika sura. Siku hizi mgeni hupewa mafunzo ya ufundi: ushonaji, ususi, useremala, uashi, umakanika, kompyuta. Anasoma miezi kadhaa, anafanya mtihani wa ufundi, anapigwa picha na cheti chake.

Cheti si kitu cha kubezwa. Kazi yake ni kusafirisha imani. Fundi aliyezaliwa mtaani hahitaji karatasi, kwa kuwa majirani wameona kuta alizozijenga na wanajua zipi zina nyufa. Aliyevuka mpaka usiku ameacha mashahidi wake wote nyuma. Mikono yake imekuja pamoja naye, ila sifa ya mikono hiyo imebaki Kivu, kwa watu ambao huenda nao wametawanyika. Mwalimu wa Uvira ana miaka ishirini ya ubao na chaki, lakini mpaka Baraza la Mitihani au Baraza la Elimu ya Juu lipime vyeti vyake na kuvilinganisha na vya Uganda, mbele ya mwajiri ni kama hajawahi kuingia darasani. Na kama vyeti viliungua pamoja na nyumba, hata cha kupima hakuna.

Hata hivyo, nimejiuliza mara nyingi kama cheti ndicho tunachokitafuta kweli. Mtazame fundi cherehani wa Base Camp, ule mji mdogo ulio katikati ya Nakivale, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi au Idi. Juu ya meza yake kuna vitenge vimefungwa kimojakimoja kwa kamba ya kitambaa, kila kifurushi kimepachikwa kipande cha karatasi chenye jina na namba ya simu. Daftari lake la vipimo lina kiuno cha mama huyu na bega la binti yule. Kwenye benchi wamekaa watatu, mmoja anamlaumu kwa Kiswahili cha Kongo, mwingine anabembeleza kwa Kinyarwanda. Yeye hainui kichwa. Anasema, “Njoo kesho,” na mguu unaendelea kukanyaga.

Sote tumewahi kukasirishwa na ahadi hiyo ya mafundi. Lakini yafaa kukumbuka kwamba fundi huyu mwenyewe ameambiwa njoo kesho kwa miaka. Ameingoja kadi, ameungoja mgao, ameyangoja mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu, ameingoja simu ambayo haikupigwa. Maisha ya mkimbizi yanapangwa na foleni. Mbele ya cherehani, kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, foleni imegeuka: yeye ndiye anayengojewa. Kwangu mimi hapo ndipo maana ya kazi inapoanza. Mshahara ni muhimu, na asiyekula hana nafasi ya falsafa. Lakini mtu anaweza kulishwa na bado akajiona hana faida kwa yeyote. Hannah Arendt, mwanafalsafa aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, aliandika miaka kumi baadaye kwamba mkimbizi anayepoteza kazi yake hupoteza pia ile hakika ya kuwa na manufaa duniani. Mgao wa chakula hauwezi kuirudisha hakika hiyo.

Mtu atanipinga: mbona mama wa watoto sita anangojewa alfajiri hadi usiku, na hakuna anayemwita mfanyakazi? Na yaya wa Mbarara anayeitwa saa yoyote, je, huko nako kungojewa ni heshima? Pingamizi hilo ni la haki, nami nalikubali nusu. Mama yule ana maana tele. Kasoro ni yetu sisi tunaohesabu kazi kwa malipo peke yake. Yaya ananionyesha kwamba kungojewa peke yake hakutoshi. Heshima inahitaji pia uwezo wa kusema njoo kesho bila kufukuzwa. Kijana anayepokea kazi kwa simu kutoka kampuni ya ng’ambo asiyoijua anaweza kuwa na ujuzi wa kisasa kuliko fundi cherehani, na bado akawa chini yake, maana akichelewa kidogo kazi inapewa mwingine na hakuna atakayeuliza kwa nini.

Tukiipima elimu ya ufundi kwa kipimo hiki, dosari yake inaonekana. Mradi unaweza kutoa mafundi, hauwezi kutoa wanaowangoja. Ukifundisha washonaji mia mahali ambapo fedha za kushonesha nguo zinatoka kwenye mgao uleule, umeongeza cherehani, hujaongeza foleni. Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha msaada kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Aliyeumia kwanza ni mlaji. Wa pili ni fundi, kwa sababu mteja wake alikuwa huyohuyo mlaji. Na ofisa wa shirika aliyekuwa akifundisha vijana kuandika barua za kuomba kazi, mkataba wake ulipokatizwa, naye akakaa chini kuandika ya kwake.

Kwa hiyo njia ya Mbarara ni sehemu ya somo. Huko kuna viwanda vya maziwa, chuo kikuu, gereji, na wateja ambao fedha zao hazitegemei mgao. Lakini fundi wa Nakivale atangojewa Mbarara iwapo tu anajua Kinyankore cha kupatana bei, ana nauli, na kuna Mnyankore mmoja aliye tayari kusema, “Huyu namjua.” Mambo hayo matatu hayamo kwenye mitaala mingi. Nayo faida haiendi upande mmoja. Watafiti wa Oxford walipochunguza uchumi wa wakimbizi Uganda na kuchapisha matokeo mwaka 2014, walikuta kwamba kati ya watu walioajiriwa na wakimbizi wenye biashara jijini Kampala, asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Mgeni aliyepewa jembe alikuwa amemwajiri mwenyeji.

Nadhani basi methali yetu inamdai mwenyeji kuliko inavyomdai mgeni. Kumpa jembe ni rahisi, na kumpa cheti ni rahisi zaidi. Kinachogharimu ni kumpa kazi ambayo asipokuja, tutaona pengo lake na kwenda kumuulizia. Wafadhili wakileta takwimu za wahitimu, waulizwe ni wangapi kati yao wana wateja waliorudi mara ya pili. Nasi wenyeji wa Isingiro na Mbarara tujiulize ni lini tulimpelekea mmoja wao kitambaa, ukuta au injini, tukakubali kuambiwa tusubiri.