Tumaini Kando ya Kitanda

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 2:7, 2 Samweli 4:4, 9:1–13, Matendo 20:4–12, Warumi 8:24, 25, 1 Wathesalonike 4:13–18, 2 Timotheo 4:20.

Hospitali ya Bugando imejengwa juu ya kilima jijini Mwanza. Hupokea wagonjwa kutoka Kanda ya Ziwa yote: Mwanza yenyewe, Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Shinyanga. Miongoni mwao wamo madereva na abiria wa bodaboda walioumia kichwa. Sabato alasiri waumini hupanda kilima kwenda kuwatembelea wagonjwa, wakiwa na Biblia, kitabu cha nyimbo na matunda kidogo.

Wakifika kwenye kitanda cha mtu aliyepoteza fahamu, kuomba huwa kugumu. Waombe nini? Wakiomba apone kabisa, kisha asipone, je, imani yao ilikuwa na kasoro? Wakiomba tu kwamba Mungu afanye apendavyo, je, huenda wamekwisha kukata tamaa, ila wanaificha kwa maneno ya ibada? Maswali haya huulizwa kimyakimya penye vitanda vingi. Mgonjwa anapokuwa mtu maarufu, watu wengi huyauliza kwa wakati mmoja, na hapo ni rahisi zaidi kupima tumaini lao ni la namna gani.

Sabato iliyokuwa katikati

Bondia Robert Wangila wa Kenya alitwaa medali ya dhahabu ya uzani wa welter katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Katika fainali alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani kwenye raundi ya pili. Baada ya hapo aliingia katika ngumi za kulipwa nchini Marekani. Ijumaa, tarehe 22 Julai 1994, alipigana na David Gonzalez mjini Las Vegas. Mwamuzi, Joe Cortez, alisimamisha pambano katika raundi ya tisa. Wangila alipinga uamuzi huo. Alijiona bado ana nguvu za kuendelea. Muda mfupi baadaye alipoteza fahamu, na hakuzinduka tena. Alifariki Jumapili, tarehe 24 Julai, akiwa na umri wa miaka 26.

Madaktari hueleza kwamba pigo la kichwa laweza kupasua mshipa wa damu ulio kati ya fuvu na ubongo. Damu hujikusanya ndani na kuubana ubongo. Ndiyo maana mtu aliyepigwa aweza kusimama, kuzungumza, hata kubisha kwamba yu mzima, kisha akaanguka baadaye.

Kati ya Ijumaa ile na Jumapili ile kulikuwa na Sabato. Siku hiyo bingwa alikuwa angali hai, na waliompenda walitumaini. Je, tumaini lao lilikuwa uongo kwa sababu alikufa? Paulo anaandika katika Warumi 8:24, 25 kwamba tumaini ni la kitu kisichoonekana bado. Kikionekana, hakuna tena haja ya kutumaini. Anayetabiri hupimwa kwa matokeo. Anayetumaini hasemi kitakachotokea. Anamtakia mwenzake mema mbele za Mungu na kukaa upande wake. Waliomwombea Wangila Sabato ile hawakukosea, ingawa walipata huzuni.

Hata hivyo, kisa hiki kina upande unaochoma. Watu hulipa kiingilio ili waone makonde yakitua. Mtu aweza kushangilia pigo usiku na kumwombea aliyepigwa asubuhi, bila kuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Tumaini la kweli huujali mwili wa mtu kabla haujajeruhiwa. Abiria wa Mwanza anayemwambia dereva wa bodaboda apunguze mwendo, na anayekubali kuvaa kofia ngumu hata kwa safari fupi, ameanza kutumaini mapema.

Kumtaka mtu, au kutaka habari zake

Michael Schumacher wa Ujerumani, bingwa wa dunia mara 7 wa mbio za magari za Formula 1, aliumia kichwa vibaya tarehe 29 Desemba 2013 alipoanguka akiteleza kwenye theluji huko Méribel, Ufaransa. Alikuwa amevaa kofia ya kujikinga, lakini kichwa chake kiligonga mwamba. Juni 2014 ilitangazwa kwamba ametoka katika hali ya kupoteza fahamu, na Septemba mwaka huohuo alipelekwa nyumbani kwake Uswisi kuendelea kutunzwa. Familia yake ilichagua kutoieleza hali yake hadharani.

Wengi waliomtakia mema waliuona ukimya huo mgumu kuvumilia. Aprili 2023 gazeti moja la Ujerumani lilichapisha kile lilichokiita mahojiano naye, kumbe majibu yalikuwa yametungwa na akili mnemba. Mhariri wake alifukuzwa kazi. Gazeti lile lilijua kwamba watu wana njaa ya kusikia sauti ya bingwa, nalo likawauzia sauti isiyo yake.

Jambo hili haliko Ulaya tu. Kando ya ziwa pia, majeruhi hupigwa picha akiwa barabarani au kitandani, na picha ikaenea kwenye makundi ya WhatsApp kabla mama yake hajapata habari. Anayeisambaza huandika chini yake, “Tumwombee.” Labda anaomba kweli. Lakini mtu asiyejitambua hawezi kukataa kupigwa picha, na kwa hiyo wanaomzunguka wanapaswa kumkatalia. Maombi yanaweza kufanyika bila picha, na bila kujua vipimo vya daktari vimeonyesha nini. Anayemtakia mgonjwa mema aweza kukaa bila habari mwezi mzima na bado akaendelea kuomba.

Mama aliyesema wakati bado

Waadventista wana kisa chao wenyewe cha jeraha la namna hii. Ellen Harmon, ambaye baadaye alijulikana kama Ellen G. White, alikuwa na umri wa miaka 9 alipopigwa usoni kwa jiwe lililotupwa na msichana mwenzake mjini Portland, Maine, nchini Marekani. Alilala bila kujitambua kwa majuma 3. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna aliyedhani angepona isipokuwa mama yake. Jirani mmoja mwenye moyo wa huruma alitaka kumnunulia vazi la maziko. Mama akamwambia wakati bado.

Mama huyo hakuwa na dalili yoyote ya kumwonyesha jirani. Alikuwa na mtoto anayepumua, na hilo lilimtosha kuendelea kumtunza. Ellen aliishi, lakini hakurudia hali yake ya awali. Uso wake ulikuwa umebadilika hata baba yake, aliporejea kutoka safarini, hakumtambua. Alipojaribu kuandika mkono ulitetemeka, na masomo ya shule yakamshinda. Leo watu husimulia kisa hiki wakijua kilichofuata. Mama hakujua. Aliyekuwa akimuuguza hakuwa kwake mjumbe wa Bwana mwenye vitabu vingi, bali binti mdhaifu asiyeweza tena kusoma. Alimpenda huyo.

Hapo ndipo tumaini la wengi hushindwa. Mtu husema, “Namtumainia apone,” akimaanisha arudi kama alivyokuwa: bingwa arudi ulingoni, kijana arudi kazini, mume arudi na ucheshi wake. Jeraha la ubongo mara nyingi halirudishi mtu hivyo. Aliyekuwa mpole huwa mwepesi wa hasira. Aliyekumbuka majina yote husahau jina la mtoto wake. Ikiwa tumaini lilishikamana na mtu yule wa zamani tu, huyu wa sasa atabaki peke yake.

Eutiko, Trofimo na Mefiboshethi

Eutiko alisinzia dirishani huko Troa, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, akainuliwa amekufa. Paulo alishuka akamkumbatia, na kijana akapelekwa nyumbani akiwa hai. Matendo 20:4, 5 yaonyesha kwamba miongoni mwa waliomtangulia Paulo kufika Troa alikuwamo Trofimo. Huenda alikuwamo chumbani usiku ule. Lakini miaka kadhaa baadaye, katika 2 Timotheo 4:20, Paulo anaeleza kwamba alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Mtume ni yuleyule, na Mungu ni yuleyule. Paulo hataji dhambi ya Trofimo wala upungufu wa imani yake. Anamtaja tu, kama ndugu ambaye bado ni mmoja wao.

Mefiboshethi alikuwa na umri wa miaka 5 mlezi wake alipokimbia naye, akaanguka na kuwa kiwete. Daudi alipomwita hakumponya. Alimrudishia mashamba ya babu yake na kumpa nafasi ya kudumu mezani pa mfalme. Sura ya 9 inamalizika kwa kutaja meza hiyo pamoja na miguu yake miwili iliyolemaa. Hakupona, lakini hakuachwa.

Mtu yuko wapi?

Wengine hujifariji wakisema kwamba mtu halisi amejificha ndani, mzima, nyuma ya ubongo ulioharibika. Maandiko hayafundishi hivyo. Kwa Mwanzo 2:7, mtu ni mavumbi na pumzi ya uhai kwa pamoja. Hana nafsi ya pembeni isiyoguswa na jeraha. Fundisho hili laonekana zito kando ya kitanda, lakini lina heshima ndani yake. Mwili huu unaooshwa, mdomo huu unaolishwa uji kwa kijiko, ndiye mtu mwenyewe, wala si ganda lake. Na kile alichosahau hakijapotea kwa Yule aliyemuumba. Ufufuo wa 1 Wathesalonike 4:13–18 haumtegemei mgonjwa ajikumbuke. Unamtegemea Mungu anayemkumbuka.

Kwa hiyo waumini wanaopanda kilima cha Bugando waweza kuomba kwa ujasiri apone kabisa, kama Eutiko. Waweza pia kurudi Sabato inayofuata ikiwa hajapona, kama Trofimo, kwa kuwa tumaini lao halikuishia kwenye jibu la juma moja. Na akirudishwa nyumbani Igoma, Kirumba au kijijini ng'ambo ya ziwa, akiwa amebadilika, kazi ya kanisa ndiyo kwanza inaanza. Mke wake atahitaji mtu wa kukaa naye ili yeye aende sokoni. Atahitaji watu wasiochoka kusikia swali lilelile mara kumi. Atahitaji nafasi ya mume wake kanisani, katika benchi lake la siku zote, bila watu kumgeukia na kumtazama.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani katika kanisa au mtaa wenu aliyetembelewa na wengi alipoumia, na sasa hatembelewi? Kundi lenu litafanya nini kabla ya Sabato ijayo?

2. Je, kuomba kwa kusema “mapenzi yako” kunaweza kuwa imani, na wakati mwingine kuwa kukata tamaa? Tofauti yake hujulikanaje?

3. Je, Mkristo aweza kufurahia mchezo ambao lengo lake ni kumpiga mwenzake kichwani? Toa sababu.

4. Kama jamaa wa mgonjwa wameomba faragha, washiriki wataonyeshaje upendo bila kudai habari?