Kipepeo Wangu, Mdimu wa Mama

Mwaka jana nilipanda zinia na penta uani kwa mama, Tanga, maana kwangu Dar hakuna hata pa kuweka kopo. Nilitaka vipepeo. Nikapanda kila aina fungu lake, kwa sababu maua yaliyo pamoja huonekana kirahisi. Penta niliipenda zaidi, ni ya huku huku kwetu. Lantana nikaikwepa: mgeni kutoka Amerika, anateka malisho na kudhuru ng'ombe. Nikajiona mtu mwema kweli.

Wakaja. Mmoja mkubwa, mweusi wa madoa ya njano, wataalamu humwita Papilio demodocus. Sikujua (au sikutaka kujua) kwamba huyo anakunywa kwenye maua yangu, halafu anakwenda kutaga kwenye milimau, michungwa na midimu. Mama ana mdimu mmoja, ndio kwanza unazaa. Ndimu zake anawauzia wakaanga samaki, hela inalipia umeme.

Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, kwa hiyo tulimdharau. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anachomoa pembe laini zenye harufu kali. Mimi nikapiga picha. Mama akauliza, "Mwanangu, hao wageni wako, chakula chao nalipa mimi?"

Rafiki yangu mmoja anasema ukipenda kipepeo ukamkataa kiwavi, umependa pambo tu. Sawa. Lakini kumkubali kiwavi kwenye mti wa nani? Gede, Kilifi, wakulima wa jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo wa kuuza nje tangu 1993, kupitia mradi wa Kipepeo. Mkulima analisha viwavi majani yake, analipwa yeye. Mimi nimechukua picha, hasara nimemwachia mama, halafu bado nataka niitwe mpenda viumbe. Hivi huo ni wema, au ni ukarimu wa mfuko wa mwenzio?

Alitaka kupuliza dawa. Nikamsihi, maana dawa ingeua na nyuki wanaotembelea maboga yake. Nikanunua miche miwili ya ndimu kwa pesa yangu, nikaipanda kando ya zinia, tukahamisha viwavi mmoja mmoja kwa kijiti. Nikarudi Dar moyo mweupe.

Jana kapiga simu. "Miche yako wameimaliza, imebaki vijiti. Sasa niwapeleke wapi?"

Nimemwambia nitampigia baadaye.