Miche ya Tikiti na Baridi ya Julai

Somo: Mwanzo 8:22, Yohana 9:1-3, Warumi 11:17-18

Wapendwa, Jumapili nilipotaja miche ya tikiti maji wengine wenu mlicheka. Lakini kuna dada yetu ambaye hacheki. Amenipa ruhusa nieleze habari yake bila kumtaja jina. Mwezi wa sita alikopa kwa chama, akanunua mbegu ya Sukari F1, na mnajua si ya bei rahisi, akapanda robo ekari. Alilenga kuuza mwezi wa tisa, jua likirudi. Mwezi wa saba miche ikalegea, ikawa manjano, ikafa. Halafu watu wa kanisa hili hili wakamwambia kuna dhambi mahali, ama imani yake ni haba. Ni wiki ya tano sasa hajakanyaga hapa.

Tuambiane ukweli. Tikiti ni mmea wa jua, asili yake ni Afrika, sehemu za joto. Mbegu inapenda udongo wa nyuzi 25 hadi 30. Ukishuka chini ya 15, inachelewa kuota ama inaoza. Mche mchanga ukilala usiku wa nyuzi chini ya 10 unaumia, hata bila barafu. Na mji wetu uko karibu mita 1,600 juu ya bahari. Julai ya Masaku mnaijua, na ukungu wa Iveti mnaujua. Wale wa Masinga wako chini, kwao kuna joto. Huyu dada analima upande wa vilima. Hesabu yake ya soko, hata mimi niliyesomea biashara, siwezi kuikosoa. Kilichomwangusha ni udongo baridi.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza lilikuwa ni nani aliyetenda dhambi. Yesu alilikataa swali lenyewe. Hakusema mzee ndiye, wala mama ndiye. Sisi tunalirudisha kila wiki! Na baada ya gharika Mungu mwenyewe alisema moyoni mwake kwamba majira ya baridi na ya joto hayatakoma. Baridi iko kwa agano. Kupanda tikiti Julai vilimani halafu kukemea baridi, hiyo sijaiona kwa Maandiko.

Kuna jambo lingine nataka mlisikie vizuri. Mche uliopigwa baridi hulegea kama wenye kiu, ilhali udongo una maji. Mizizi ikipoa haivuti maji sawasawa. Mkulima akiona hivyo anaongeza maji, udongo unazidi kupoa, na ugonjwa wa kuozesha shina unaingia. Hivyo ndivyo tunavyowafanyia watu. Mtu amelegea, tunammwagia: funga siku saba, kemea, panda mbegu ya imani. (Yaani mtu hana pesa ya kurudishia chama, na tunamwambia apande mbegu nyingine!) Maji ni mazuri, maombi ni mazuri zaidi. Lakini huyu alihitaji kwanza mtu wa kuketi naye jikoni, kando ya jiko.

Wajapani, tangu miaka ya 1920, hupandikiza tikiti juu ya shina la mmea wa kibuyu. Mizizi ya kibuyu inastahimili udongo baridi na ugonjwa wa mnyauko kuliko ya tikiti. Tunda linabaki tikiti, lakini linabebwa na mizizi ya mwingine. Someni Warumi 11, pale Paulo anapowaonya matawi yasijisifu, kwa maana shina ndilo linalowabeba. Basi wewe ambaye hukupigwa na baridi mwaka huu, ni nani aliyekubeba? Ni kijana gani aliyeokoka Aprili unayemwona amenyamaza, na umeshaanza kusema alirudi nyuma?

Nimeongea na wazee wa chama. Alhamisi wataketi waone kama deni la dada yetu linaweza kusongezwa hadi Desemba. Wanachama mje, na mje na roho ya upole. Septemba tutasia mbegu kwa trei, chini ya nailoni, usiku tunafunika. Wiki ya mwisho tunapunguza maji na kuifunua miche kidogo kidogo izoee nje, kisha mvua ya Oktoba ikifika tunahamisha bila kusumbua mizizi. Aliye na trei za zamani azilete ofisini. Jumamosi saa tatu tunaenda kwake na majembe. Aliyesema lile neno la dhambi, tafadhali awe wa kwanza kufika.