Suluhu Kabla ya Mashtaka

Chuo kikuu ni mji wa namna yake. Vijana wasiojuana, wa makabila na dini mbalimbali, hutiwa katika chumba kimoja na kuambiwa waishi. Hugombana kwa kitabu kilichoazimwa, kwa redio ya usiku, au kwa neno la mzaha lililopita mpaka. Ugomvi kama huo ukifikishwa mbele ya kamati ya nidhamu, hutoka humo ukiwa na mshindi na mshindwa, na jioni hao wawili hurudi kulala chumba kilekile.

Katika Sahihi Bukhari imesimuliwa kwamba Ka'b bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni lake ndani ya msikiti wa Madina, na sauti zao zikapanda hata Mtume Muhammad s.a.w. akazisikia nyumbani mwake. Akafunua pazia la chumba chake, akamwita Ka'b, akamwashiria aache nusu ya deni. Ka'b akakubali. Papo hapo Mtume s.a.w. akamwamuru mdaiwa ainuke alipe iliyobaki. Basi aliyeombwa kusamehe aliombwa nusu tu, na aliyedaiwa hakuachwa aende zake. Wasuluhishi wengi huisahau sehemu hii ya pili: humsihi aliyedhulumiwa asamehe, kisha hujiona wamemaliza kazi.

Katika chuo cha dini ninakofundisha, ng'ambo, mwanafunzi mmoja aliniletea barua ya kumshtaki mwenzake wa chumbani kwamba amemwibia daftari la masomo karibu na mtihani. Kama barua ile ingefika kwa mkuu wa chuo, huenda mshtakiwa angerudishwa kwao. Nakiri kwamba moyoni nilikwisha mhukumu, kwa kuwa alikuwa mvivu darasani mwangu. Hata hivyo nilimwomba mshtaki anipe siku tatu, nikikumbuka kwamba Mtume s.a.w. amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya muda huo. Nilisema na kila mmoja peke yake. Siku ya pili yule mvivu alilia. Alilichukua daftari bila ruhusa, likampotea, na aibu ikamfunga kinywa. Akakesha akiandika upya masomo yote kwa mkono wake, akampa mwenziwe. Barua ikachanwa mbele yangu.

Vyuo vya kidunia navyo vimeihisi haja hii. Mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, na mwaka 1967 katika Michigan State, Marekani, paliwekwa mtu wa kusikiliza malalamiko asiyekuwa hakimu. Watu wa kazi hii husikiliza kwa siri, hawachukui upande, wala hawatoi hukumu.

Lakini si kila jambo ni la kuzungumzwa faraghani. Kurani Tukufu, katika sura ya Al-Hujurat, imeagiza kupatanisha makundi mawili ya waumini yanayopigana. Na kundi moja likilidhulumu jingine, dhalimu azuiwe kwanza mpaka arejee, ndipo suluhu ifanywe kwa uadilifu. Kwa hiyo mwalimu amtakaye mwanafunzi wa kike heshima yake ili ampe alama za mtihani, huyo hana suluhu ya pembeni. Apelekwe kwa wenye mamlaka. Na mzee amsihiye binti huyo anyamaze ili jina la chuo lisichafuke, amekuwa mshirika wa dhuluma.

Ndugu mmoja aliyesilimu karibuni aliniuliza kama yafaa kusuluhisha wasio Waislamu bwenini kwake. Nilimkumbusha habari za Makka. Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba waligombea heshima ya kuliweka Jiwe Jeusi mahali pake, hata wakakaribia kumwaga damu. Muhammad s.a.w. alikuwa na umri wa miaka kama 35, bado hajapewa utume, na hao waliogombana walikuwa waabudu masanamu. Alitandaza nguo, akaliweka jiwe juu yake, akawaambia wakuu wa koo washike kila mmoja upande wake. Wakaliinua wote pamoja, naye akalichukua na kulitia mahali pake.