Chombo Kikuukuu na Dhamana ya Fundi

Liko swali moja litujialo kila tusikiapo habari za eropleni za jeshi kuanguka, si kwa risasi za adui bali katika safari za kila siku. Watu huuliza, "Ndege ile ilikuwa na umri gani?" Na wakiambiwa kwamba ilikuwa na miaka thelathini, au arobaini, au hamsini, hutikisa vichwa wakasema, "Basi, uzee ndio uliowaua." Wengine huyarudisha yote kwenye majaliwa, wakisema kwamba siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Sisi twapenda kulichungua jambo hili pamoja na wasomaji wetu, maana twaona kwamba majibu hayo mawili hutolewa upesi mno, na kila moja humwondolea mtu lawama iliyo yake.

Kwanza tuzijue ndege zenyewe. Wamarekani wanayo eropleni kubwa ya kuchukua mabomu, iitwayo B-52. Ya kwanza iliruka mwaka 1952, na ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1962. Hata leo ziko kazini, na serikali yao yakusudia kuzitia injini mpya ili zitumike mpaka miaka ya 2050. Maana yake ni kwamba kijana aweza kuongoza ndege ya aina ile ile aliyoiongoza babu yake. Wala si ajabu. Ndege mpya ni ghali mno, na chombo kilichojaribiwa kwa miaka mingi tabia zake zajulikana. Tena hubadilishwa viungo kimoja kimoja, kama nyumba iezekwavyo upya na kutiwa nguzo mpya ilhali jina lake ni lile lile.

Walakini chombo nacho huzeeka kwa njia zake. Chuma huchoka. Ndege ya abiria ipandapo juu sana, hewa iliyotiwa ndani yake huusukuma mwili wake nje. Ishukapo, mwili hulegea tena. Kunyoshwa na kulegezwa huko, mara elfu na elfu, mwisho huzaa ufa, kama vile waya ukunjwao huku na huku hata ukakatika. Jambo hili watu walijifunza kwa machozi mwaka 1954, eropleni mbili za Kiingereza za aina ya Comet zilipopasuka angani. Tena kuna kutu, na kuna mipira ya kuzuia mafuta ambayo hukauka na kuvujisha, na kuna viwanda vya vipuri vilivyofungwa zamani. Basi uzee ni kitu cha kweli, wala hatutaki kuukanusha. Twauliza tu kama ndio wenye hatia.

Tuitazame ajali ya tarehe 2 Mei 2018, karibu na mji wa Savannah, huko Marekani. Ndege ya aina ya C-130, ya askari wa Puerto Rico, yenye umri wa zaidi ya miaka hamsini, ilikuwa ikipelekwa Arizona kustaafishwa. Ilianguka mara baada ya kuruka, wakafa wote tisa waliokuwamo. Nani asingesema kwamba uzee umewaua, naye asikia habari za mkongwe aliyeanguka njiani akienda kupumzika? Lakini wachunguzi walipomaliza kazi yao walisema neno jingine. Injini moja ilikuwa imekwisha kuonyesha ugonjwa kabla ya siku hiyo, na mafundi hawakuutibu ipasavyo. Kisha injini hiyo ilipopungukiwa na nguvu wakati wa kuruka, waongozaji hawakuyafuata yote waliyofundishwa, wakaigeuza ndege kwa upande ule ule wa injini iliyokufa. Uzee ulikuwapo, lakini mikono ya watu ilikuwapo pia.

Wala ujana wa chombo si kinga. Tarehe 2 Novemba 2007, katika jimbo la Missouri, ndege ya vita ya aina ya F-15 ilikatika angani, sehemu ya mbele ikaachana na mwili. Rubani aliokoka kwa mwavuli. Ilionekana baadaye kwamba mhimili mmoja wa chuma ulichongwa kiwandani ukiwa mwembamba kuliko kipimo kilichoandikwa. Kosa hilo lilizaliwa pamoja na ndege, likakaa kimya kwa zaidi ya miaka ishirini. Yule aliyeupitisha mhimili ule siku ya kwanza hakumjua mtu atakayeulipia, maana rubani huyo siku zile hakuwa rubani bado.

Ajali ya tatu yahuzunisha zaidi. Tarehe 10 Julai 2017, ndege nyingine ya ukoo wa C-130, mali ya jeshi la Marines la Marekani, ilivunjika angani katika jimbo la Mississippi, wakafa watu 16. Panga moja katika mapanga yale yazungukayo mbele ya injini lilichomoka, likaupasua mwili wa ndege. Panga hilo lilikuwa limepita katika karakana kuu ya matengenezo mwaka 2011. Lilikuwa na kutu, na kutu hiyo haikuondolewa, bali panga likarudishwa kazini kama lililo zima. Kutu ikawa ufa, na ufa ukakua ndani ya chuma kwa miaka sita. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini angani hakuna ukuta wa kujengwa tena.

Lakini mfano utufundishao kuliko yote watoka Uingereza. Ndege zao za Nimrod, za kulinda bahari, ziliingia kazini mwaka 1969, nazo zilitokana na zile Comet tulizozitaja. Tarehe 2 Septemba 2006 moja yao, yenye alama XV230, ilikuwa kazini Afghanistan. Mara baada ya kupokea mafuta kutoka ndege nyingine huko huko angani, ilishika moto, ikaanguka karibu na Kandahar, na watu 14 wakafa. Wachunguzi waliona kwamba mafuta yaliyomwagika au kuvuja yaligusa bomba la hewa ya moto sana. Serikali ikamwagiza mwanasheria Charles Haddon-Cave alichimbe jambo hilo mpaka mzizi, naye akatoa taarifa yake mwaka 2009. Alionyesha kwamba miaka michache kabla ya ajali wataalamu walikuwa wamepewa kazi ya kuikagua ndege hiyo yote na kuandika hatari zake. Kazi hiyo ingaliweza kuifichua hatari ya bomba lile. Lakini waliifanya wakiwa wamekwisha kuamini kwamba Nimrod ni salama, kwa kuwa imeruka miaka thelathini. Basi waliandika karatasi za kuthibitisha waliyoyaamini, wala hawakuyatafuta wasiyoyajua.

Hapa ndipo penye kiini cha swali letu. Miaka thelathini ya salama yathibitisha nini? Yathibitisha kwamba jambo halijatokea. Haithibitishi kwamba haliwezi kutokea. Bomba lile lilikuwa na hatari ile ile siku zote ndege iliporudi nyumbani, na watu wake wakala chakula cha jioni pamoja na watoto wao. Mtu avukaye mto wenye mamba mara mia bila kuumwa hajawafuga mamba. Wazee wetu walisema kwamba mazoea yana taabu, na taabu yake ni hii: mazoea humfanya mtu aache kutazama, huku akidhani kwamba angali anatazama.

Kwa hiyo twasema kwamba hatia haimo katika miaka ya chombo. Imo katika dhamana iliyovunjwa. Rubani hawezi kuifungua injini kabla ya kuruka, wala askari aketiye nyuma hawezi kuikagua rafadha. Wao huweka maisha yao katika neno la mtu wasiyemwona, aliyetia sahihi kwamba ametazama. Akiandika "ni zima" naye hakutazama, amesema uongo, hata kama siku ile hakuna aliyedhurika, hata kama matokeo yake yatachelewa miaka sita.

Mtu mmoja aweza kutujibu, "Mnasema hivyo kwa kuwa hamjui shida ya fedha. Asiye na uwezo wa kununua kipya afanyeje?" Neno hili ni la haki, nasi twalipokea. Hatusemi kwamba kila kikuukuu kitupwe. Maskini hana lawama kwa kutumia chombo cha zamani, wala serikali haina lawama kwa kukitunza. Lakini ukweli haununuliwi kwa fedha nyingi. Kama chombo chaweza kutengenezwa, kitengenezwe kwa uaminifu. Kama hakiwezi, na kikae chini, na watu waambiwe sababu. Twajua kwamba neno hilo, "hakitaruka leo", ni gumu kulisema. Mkubwa ana haraka, wenzako wasema kwamba jana kiliruka, na wewe waogopa kuonekana mwoga au mvivu. Tena kazi ikiwa ya watu wengi, kila mmoja hufikiri kwamba mwenzake ametazama. Lakini lawama igawanywayo kwa watu kumi haipungui. Kila mmoja huibeba yote iliyo mbele ya macho yake.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya mbali, ya watu wa eropleni tu. Kamba ya kisima chetu, mtumbwi wa kuvushia watu, daraja la miti, breki za motokaa ichukuayo watu sokoni, boriti za darasa wanamoketi watoto wetu: vyote hivi vina miaka yake, na kila kimoja kina mtu aliyeaminiwa kukitazama. Mtu huyo huenda ni wewe. Ukiulizwa habari zake, usijibu kwamba tangu zamani hakijavunjika. Nenda, uishike kamba kwa mkono wako, uifuate toka mwanzo mpaka mwisho, kisha useme uliyoyaona.