Kumjua Mwovu ni Kujijua

Je, mtu anaweza kuuelewa uovu ikiwa hakubali kwamba mbegu yake imo pia ndani ya moyo wake? Wengi husoma riwaya za upelelezi ili wajue muuaji ni nani, lakini swali hili ndilo lenye uzito zaidi.

Mtazame Sherlock Holmes, mpelelezi aliyeletwa kwa wasomaji na daktari Arthur Conan Doyle mwaka 1887. Riwaya ya The Sign of Four (1890) inaanza yeye akijidunga sindano ya kokeini, huku rafiki yake Daktari Watson akimkanya. Holmes anajitetea kwamba akili yake haivumilii kukaa bure. Apewe fumbo, naye ataiacha dawa. Utetezi huo unatisha, kwa kuwa fumbo analolitamani mara nyingi ni msiba wa mwenzake: mali imeibwa, au ndugu ameuawa. London ikitulia, yeye hunyong'onyea. Akili yake inapambana na uhalifu, na wakati huohuo inauhitaji ili iishi.

Mpelelezi Padri Brown wa mwandishi G. K. Chesterton, ambaye visa vyake vya kwanza vilikusanywa kitabuni mwaka 1911, ana nafsi ya namna nyingine. Ni kasisi mfupi asiye na makuu, aliyeujua uovu kwa kuwasikiliza watu wakiungama. Katika The Secret of Father Brown (1927) anaeleza siri yake: mauaji yote aliyoyafumbua aliyatenda yeye mwenyewe. Maana yake ni kwamba huwaza kama muuaji na kutamani kama muuaji, mpaka kinachobaki ni kuridhia tendo lenyewe tu. Ridhaa hiyo ndiyo mpaka. Kumbe kinachomtenga mwema na mwovu si kutokuwa na tamaa mbaya, bali ni kukataa kuiridhia.

Huenda ukasema Holmes naye ana huruma. Ni kweli, katika kisa cha The Blue Carbuncle anamwachia huru mwizi anayelia mbele yake. Lakini anamsamehe mtu ambaye yeye Holmes hajioni kufanana naye hata kidogo. Padri Brown alimwendea jambazi Flambeau kama mkosaji mwenzake, na Flambeau akaacha wizi, akawa rafiki yake na mpelelezi.

Macho makali na hoja safi zinatosha kutuonyesha aliyetenda. Kwa nini alitenda, hilo linadai unyenyekevu. Nyani haoni kundule, na anayehukumu bila kuliona lake atamkamata mkosaji asimwelewe, wala hatajua jinsi ya kumrudisha. Basi, msomaji, ukishamjua muuaji usikifunge kitabu upesi. Fuata hatua zake moja baada ya nyingine, kisha ujiulize kwa unyofu: mimi ningesimama wapi?