Sabaoth, Sabaot na Sabato: Herufi Zinashuhudia Nini?

Msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 aliyeko Endebess, katika Trans Nzoia, chini ya Mlima Elgon, atakutana na neno Sabaoth mara mbili katika Agano Jipya: Warumi 9:29 na Yakobo 5:4. Majirani zake ni Wasabaot, jina la pamoja la Wakony, Wabok na Wabongomek, watu wa lugha za Kikalenjin. Majina hayo yanaachana kwa herufi moja tu, na muumini ana haki ya kuuliza kama kuna siri hapo. Swali lenyewe ni zito: ikiwa Mungu aliumba kwa neno, je, maneno yanayofanana kwa herufi yana undugu wa maana? Nashikilia kwamba herufi pekee haziwezi kuuthibitisha undugu huo, na kwamba anayezitegemea huweza kupitwa na jambo ambalo andiko lilikusudia kumwambia.

Tuifuate njia iliyopitiwa na neno Sabaoth. Kwa Kiebrania ni tseva'ot, yaani majeshi, na huanza na herufi tsade. Wagiriki hawakuwa na herufi hiyo, kwa hiyo wakatumia sigma, ile ile waliyoandikia shabbat, yaani Sabato, ambayo Waebrania huianzisha kwa shin. Sauti mbili zilizokuwa mbali zikawekwa nyumba moja kwa sababu tu alfabeti ya Wagiriki ilipungukiwa. Kiswahili nacho kikaongeza yake: Sabato ni siku ya saba, basi sikio husema ni neno moja na saba. Lakini shabbat ina mzizi wa kuacha kazi, na neno la Kiebrania la saba, sheva, ambalo ni ndugu wa saba yetu iliyotoka Kiarabu, huishia na ayin, si na tav. Kupumzika siku ya saba kunafundishwa waziwazi katika Mwanzo 2. Hakuhitaji kuegemezwa kwenye herufi. Na Sabaot ni jina la watu wa lugha ya Kiniloti, lililokuja kutumika kwa umoja wao katika karne ya 20. Hakuna njia ya historia inayolifikisha Yerusalemu.

Mtu atapinga kwamba mara nyingine herufi husema kweli. Ni sahihi. Neno refu la Kiingereza atonement, upatanisho, kweli limeundwa kwa maneno yenye maana ya kuwa kitu kimoja, na William Tyndale alilitumia katika Agano Jipya lake la 1526. Mhubiri anayelifumbua hivyo hakosei. Ila kinachomthibitisha ni historia ya neno. Mhubiri yule yule akisema history ni his story, "habari Zake", herufi zitamkubalia vilevile, ilhali neno limetoka Kigiriki, historia, utafiti, na kiwakilishi his cha Kiingereza hakimo ndani yake. Shahidi anayekubali kila aulizwalo hafai mahakamani. Pingamizi zito zaidi ni la Yeremia 1, ambapo Mungu mwenyewe anafananisha mlozi, shaqed, na kukesha, shoqed. Lakini pale Mungu anamweleza nabii maana. Mfanano wa sauti unaupamba ujumbe uliokwisha kutolewa, haumwachi Yeremia akisie mwenyewe.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilielewa hili. Katika Yakobo 5:4 hawakuliacha Sabaoth kama lilivyo. Waliandika Bwana wa majeshi, wakachagua maana badala ya umbo. Na maana ya mstari huo inaigusa Trans Nzoia, nchi ya mashamba makubwa ya mahindi, kuliko mfanano wowote wa jina: Yakobo anawaambia matajiri kwamba ujira waliowazuilia wavunaji unalia, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana huyo. Bwana hachagui mvunaji kwa kabila. Msabaot, Mbukusu, Mturkana, yeyote aliyevuna akanyimwa malipo yake, amesikiwa.